MX-5 ya mwaka 1991 na rimu za inchi 17 zilizokaribia kufungwa

Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1991, injini ya lita 1.6, usukani usio na pawa. Lilikuwa bado na rimu zake za aloi za kiwandani: kipenyo inchi 14, upana inchi 5.5, ofseti ya milimita 45 (nitaieleza baadaye), na tairi za 185/60R14, yaani upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 14. Mwenye gari alikuja na malalamiko na tiba yake mkononi. Malalamiko: usukani unatetemeka kuanzia kilomita 90 kwa saa na kuendelea. Tiba: rimu nne za inchi 17, upana inchi 7, ofseti 35, zilizovaa tairi za 205/40R17 ambazo hazijatembea sana, alizouziwa na rafiki yake.

“Fundi, wewe nifungie tu na kunibalansia. Matundu manne yanaingia, nimeshajaribu.”

Kweli yaliingia. Lakini kuingia kwa matundu ni jambo dogo sana katika kazi hii, na kisa chenyewe kinaanzia hapo. Kabla ya kugusa rimu mpya nilitaka kujua za zamani zina nini, kwa sababu mtetemo una chanzo, na ukibadilisha magurudumu bila kukijua chanzo hicho unaweza kujikuta na magurudumu mapya na mtetemo uleule.

Tairi za zamani zilikuwa na mifereji yenye kina cha milimita 6 hivi. Nchi nyingi zinaruhusu tairi itumike mpaka ibaki milimita 1.6, kwa hiyo mtu akiangalia kwa juu angesema bado zina maisha marefu. Ila kwenye ubavu, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT zilisomeka 2311, maana yake zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Magari ya aina hii yanapatwa sana na hili: hutembea wikiendi, hulala wiki nzima, na tairi huzeeka kwa umri kabla hazijaisha kwa kusaga. Mpira ulikuwa umekauka hadi ukucha hauzami, na pale ubavu unapokutana na uso wa tairi palikuwa na nyufa nyembamba mduara mzima. Tairi mbili zilikuwa na sehemu iliyobonyea bapa kwa sababu ya gari kukaa mahali pamoja muda mrefu.

Tukainua gari kwa jeki na kuzungusha gurudumu moja moja. Rimu ya mbele kushoto ilikuwa imepinda kwenye ukingo wa ndani, upande ambao mtu haoni akisimama kando ya gari. Mtetemo ukawa umepata jibu: rimu moja imepinda, tairi mbili si duara. Ukubwa wa magurudumu haukuhusika kabisa. Tairi zote nne zilikuwa za kutupwa, rimu moja ya kunyooshwa au kubadilishwa. Ndipo swali la nini kifungwe badala yake likawa swali halali.

Hesabu ya kipenyo

Watu wengi huanza na rimu, kisha wanatafuta tairi ya kuivalisha. Kwa gari la zamani mimi nafanya kinyume chake. Tairi ndiyo inayogusa barabara, na ndiyo itakayonunuliwa tena baada ya miaka michache. Ukichagua rimu nzuri ambayo tairi yake haipatikani, umenunua pambo.

Tairi ya 185/60R14 ina ubavu wenye kimo cha milimita 111, yaani asilimia 60 ya 185. Rimu ya inchi 14 ni milimita 355.6. Ukijumlisha rimu na bavu mbili unapata kipenyo cha milimita 577.6. Hiyo ndiyo namba ambayo spidomita, gia na nafasi ya ndani ya fenda za gari hili zilipangiwa.

Tairi ya 205/40R17 inafika milimita 595.8. Imezidi kwa asilimia 3.15. Spidomita ikisema 100, gari linakwenda 103. Watu hulichukulia hili kuwa dogo, lakini upande wa kosa ndio wenye ubaya: kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita, ile namba 39, hairuhusu spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Spidomita nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimezidisha kidogo, kwa hiyo huenda makosa mawili yakafutana, ila huwezi kulijua hilo bila kupima. Na gia zote zimekuwa ndefu kwa kiasi hichohicho, kwenye injini yenye kilowati 85 ambayo utamu wake wote uko kwenye kuzunguka kwa wepesi.

Kubwa kuliko spidomita ni kimo cha ubavu. Kutoka milimita 111 umeshuka hadi 82. Milimita 29 za mpira na upepo zimegeuka kuwa aluminiamu. Mazda walipopanga springi na shokapu za gari hili waliuhesabu ubavu ule kuwa sehemu ya sospensheni, ndiyo maana wanaagiza upepo wa psi 26 tu, namba inayowashtua watu waliozoea 32 au 35. Gari lina uzito chini ya kilo 1,000 na ubavu mrefu, halihitaji zaidi. Weka psi 26 kwenye tairi yenye ubavu wa asilimia 40 na shimo la kwanza litafika kwenye rimu. Weka 35 na gari litarukaruka kwenye kila kiraka cha lami. Njia ya katikati ipo, ila ni ya kuvumilia.

Kisha mizani. Gurudumu la zamani, rimu na tairi pamoja, lilikuwa na kilo 12 na ushee. Lile la inchi 17 lilikaribia kilo 19. Ni kilo 6 za ziada kwa kila kona, na zote ziko chini ya springi, mahali ambapo shokapu yenye umri wa miaka zaidi ya 30 inapaswa kuzituliza kila gurudumu linapopanda na kushuka. Tena uzito huo umekaa mbali na kitovu, kwa hiyo injini inatumia nguvu zaidi kuuzungusha na breki zinatumia nguvu zaidi kuusimamisha. Diski za mbele za MX-5 ya lita 1.6 zina kipenyo cha milimita 235. Ndani ya rimu ya inchi 17 zinaonekana kama sarafu kwenye sahani.

Ofseti, jambo ambalo halikuulizwa

Mwenye gari alikuwa ameuliza matundu tu. Matundu ni PCD ya 4x100: bolti nne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Hapa ongeza tahadhari moja. Kuna rimu za 4x98, zilizofungwa kwenye magari mengi ya Fiat, na mtu asiye makini anaweza kuzilazimisha kwenye bolti za 4x100. Kila tundu linakosea kwa milimita moja tu, nati inashika, gari linaondoka. Lakini nati hizo zimekaa upande, hazikukalia kiti chake, na zitalegea. Rimu zinazouzwa mkononi hazina budi kupimwa, si kuaminiwa.

Ofseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokalia habu, yaani kitovu cha gari ambako gurudumu hufungwa. Ofseti 45 maana yake uso huo uko milimita 45 upande wa nje wa mstari wa katikati, hivyo sehemu kubwa ya gurudumu imejificha ndani. Ukipunguza ofseti, gurudumu linasogea nje.

Tufanye hesabu ya rimu hizi mbili. Ile ya kiwandani, inchi 5.5, ina upana wa milimita 139.7, nusu yake ni 69.85. Kwa ofseti 45, ukingo wa nje uko milimita 24.85 kutoka uso wa habu, na ukingo wa ndani uko 114.85. Ile ya inchi 7 ina upana wa milimita 177.8, nusu ni 88.9. Kwa ofseti 35, ukingo wa nje unafika 53.9 na wa ndani 123.9. Kwa hiyo rimu mpya inatokeza nje zaidi kwa milimita 29 na inaingia ndani zaidi kwa milimita 9. Ndani nafasi ipo. Nje ndiko kwenye ukingo wa fenda ya nyuma, unaojikunja kuelekea ndani na ambao tairi yenye kipenyo kikubwa inaweza kuusalimia gari likibeba watu wawili na kuingia kwenye bonde.

Kukwaruza kunasikika, kwa hiyo kunatibika. Jambo lisilosikika mara moja ni kusogea kwa mstari wa katikati. Mbele, gurudumu hugeuka kwa kuzunguka mstari unaopita kwenye boljointi (kiungo cha mpira wa chuma) ya juu na ya chini. Ukiuendeleza mstari huo hadi ardhini, kuna umbali fulani kati ya pale unapogusa na katikati ya tairi. Waliobuni gari waliuchagua umbali huo kwa makusudi. Ofseti ikitoka 45 kwenda 35, katikati ya tairi inasogea nje milimita 10 kamili, haijalishi rimu ina upana gani, na umbali ule unabadilika kwa milimita hizohizo 10. Matokeo yake unayapata mikononi: gurudumu moja likipita kwenye shimo au kwenye maji, usukani unavutwa, ukifunga breki gurudumu moja likiwa kwenye mchanga, unavutwa tena. Kwenye gari lisilo na pawa, lenye usukani mwepesi unaosema kila kitu, hapo ndipo unaiharibu sababu ya watu kulipenda. Beringi za magurudumu nazo zinabeba mzigo kwa wenzo mrefu zaidi.

Halafu tundu la katikati. Habu ya MX-5 ina kipenyo cha milimita 54.1, na rimu za kiwandani zinakaa juu yake bila mchezo. Rimu za inchi 17 zilikuwa na tundu la 67.1. Ni jambo la kawaida kwa rimu zinazotengenezwa ili zivae magari mengi, na dawa yake ni pete ya kujaza nafasi, 67.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani. Pete hizo hazikuwepo. Pete haibebi uzito wa gari. Kinachoshikilia gurudumu ni mbano wa nati. Kazi ya pete ni kuliweka gurudumu katikati wakati nati zinakazwa. Bila hiyo, angeondoka hapa na mtetemo, tofauti ni kwamba sasa ungekuwa mpya.

Nilimweleza yote haya nikiwa nimeweka magurudumu mawili kando kwa kando. Hakubishana na hesabu. Alichosema ni, “Lakini yanapendeza.” Na hilo pia ni kweli, sioni sababu ya kulidharau. Gari la michezo la zamani halinunuliwi kwa akili peke yake.

Njia tatu, na ya nne ambayo hakuitarajia

Kubaki na inchi 14 ndilo lilikuwa jibu safi kwa mtu anayetaka gari lake liwe kama lilivyotoka kiwandani. Rimu iliyopinda ingenyooshwa na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo, kwani ulikuwa mkunjo mdogo usio na ufa. Shida iko kwenye tairi. Saizi ya 185/60R14 bado inatengenezwa, ila nyingi zinazouzwa ni za magari madogo ya matumizi ya kila siku: zinadumu, hazinywi mafuta, na kwenye kona zinalalamika mapema. Tairi za spoti za saizi hiyo zimebaki chache, na kila mwaka orodha inapungua.

Inchi 16 kwa 205/45R16 inatoa kipenyo cha milimita 590.9, zaidi ya asilimia 2 juu. Nikaipita bila kuchelewa. Inafanya nusu ya makosa ya inchi 17 na haileti faida ambayo 15 haina.

Inchi 15 ndipo namba zinapokaa vizuri. Tairi ya 195/50R15 ina kipenyo cha milimita 576, pungufu ya ile ya asili kwa milimita 1.6 tu. Spidomita haijui kama kuna kilichobadilika. Ubavu ni milimita 97.5, kwa hiyo upepo unaweza kubaki karibu na ule wa kiwandani. Daraja la mzigo ni 82, sawasawa na la tairi ya zamani, yaani kilo 475 kwa tairi. Na kwa kuwa saizi hii hutumiwa sana na watu wa mashindano madogo na wa magari mepesi, tairi nzuri zipo za kuchagua. Kuna wanaopendelea 205/50R15. Kipenyo chake ni 586, asilimia 1.45 juu, si kosa. Kwa injini ya 1.6 ningebaki na 195.

Alidhani sasa tutafungua katalogi za rimu za inchi 15 kwa 7. Zipo nzuri sana, na kama gari hili lingekuwa linakwenda kwenye kiwanja cha mbio ningemwelekeza huko. Lakini kwa barabara kulikuwa na jibu jingine lililokaribia zaidi: Mazda wenyewe walishaifanya kazi hii. MX-5 ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 1998, ilitolewa ikiwa na rimu za inchi 15 kwa 6, ofseti 40, na tairi za 195/50R15 hizohizo. PCD ni ileile 4x100. Tundu la katikati ni lilelile 54.1. Nati ni zilezile za uzi wa M12x1.5 zenye kiti cha koni. Hakuna pete ya kutafuta, hakuna nati za kubadilisha. Kwa hesabu ileile ya juu, ukingo wa nje unatoka milimita 11 kuliko zamani, wa ndani unaongezeka kwa milimita moja na ushee, na katikati ya tairi inasogea milimita 5. Gari linaonekana limesimama vizuri zaidi, na usukani unabaki na tabia yake.

Zilipatikana nne zilizotumika. Kila moja ilizungushwa kwenye mashine ya balansi bila tairi kwanza, na moja ikarudishwa kwa muuzaji kwa sababu ukingo wake ulicheza. Akatoa nyingine.

Swali la aina ya tairi lilizua mjadala mfupi. Alitaka zile zinazokaribia kuwa za mbio, mpira laini na mifereji michache. Nilikataa kuzipendekeza, na sababu yangu ya kwanza haikuwa mvua, ingawa kwenye maji mengi ni hatari. Tairi hizo hushika kwa nguvu ambayo bushi za mpira na boljointi za mwaka 1991 hazikupangiwa, tena zinataka joto ambalo gari jepesi barabarani haliwapi. Na kuna hili la ladha, ambalo msomaji anaweza kulikataa: gari la kilowati 85 lenye mshiko usioisha ni gari lililonyamazishwa. Uzuri wa MX-5 ni kwamba linaanza kuteleza taratibu, kwa mwendo usiotisha, na linakuambia kabla. Tukachukua tairi za kawaida za spoti za barabarani, 82V (V ni daraja la mwendo), zote nne za aina moja na toleo la karibu. Zote nne, kwa sababu gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na tairi mbili za nyuma zenye vipenyo tofauti zinaifanyisha difu, gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, kazi muda wote, hasa yenye kifaa cha kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure.

Kufunga

Uso wa habu ulisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka kutu ikaisha. Punje ya kutu yenye unene wa karatasi inatosha kulilaza gurudumu na kurudisha mtetemo ambao umelipa kuuondoa. Nati zilianzishwa kwa mkono, zikakazwa kwa mkingamo, kisha spana ya torki ikamalizia. Kiwango cha kiwanda ni kati ya niutoni-mita 90 na 118, tuliweka 110. Bunduki ya upepo haikuhusishwa. Baada ya kilomita 100 hivi zinakaguliwa tena.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ndiyo iliyochukua siku. MX-5 ina mikono miwili ya sospensheni kwa kila gurudumu, mbele na nyuma, na mlalo wa magurudumu hurekebishwa kwa bolti ambazo kitovu chake hakiko katikati. Bolti hizo zikikaa miaka 30 bila kuguswa huungana na bushi kwa kutu. Moja ya nyuma kushoto iligoma, ikabidi ikatwe na kuwekwa mpya. Hili linapaswa kuwekwa kwenye bajeti ya kila anayebadilisha magurudumu ya gari la umri huu, kwa sababu tairi mpya kwenye alaimenti mbovu huliwa upande mmoja ndani ya miezi.

Mtetemo uliisha. Badala yake kukasikika mlio mdogo wa kugonga mbele kulia, boljointi ya chini, ambayo bila shaka ilikuwepo siku nyingi ikifichwa na kelele za tairi ngumu. Nayo ikabadilishwa.

Rimu za inchi 17 zilirudi kwa rafiki. Za inchi 14 nilimshauri azitunze, ile iliyopinda ikiwemo, kwa sababu anayetaka kununua gari hili siku moja atauliza ziko wapi.

Likabaki tairi la akiba. Kwenye buti kulikuwa na lile jembamba la muda, T115/70D14, na namba yake ya DOT ilikuwa na tarakimu tatu badala ya nne. Tarakimu tatu ni za kabla ya mwaka 2000. Lilikuwa limetoka kiwandani pamoja na gari, halijawahi kugusa lami, na mpira wake ulikuwa mkavu kuliko wa zile nne tulizozitupa. Kipenyo chake ni milimita 517 hivi, kwa hiyo hata likiwa zima halifai kufungwa nyuma kwa safari ndefu. Tulilitoa. Mahali pake pakawekwa pampu ndogo ya umeme na vifaa vya kuziba pancha.